Nyumba za Warumi wa Kale na Matengenezo Yake

Kujenga kuna sifa, kutengeneza hakuna. Mtu anayejenga nyumba mpya huita majirani, hupokea pongezi, na jina lake hutajwa njiani. Lakini yule azibaye ufa baada ya miaka ishirini, nani humtaja? Ndivyo mambo yalivyo katika maisha, na ndivyo yalivyo katika vitabu. Fungua kitabu cho chote kilichoandikwa juu ya Roma ya kale: utasoma kwamba kaisari fulani alijenga hekalu, na tajiri fulani alijenga jumba. Ni mara chache utakaposoma habari za mtu aliyepanda juu ya paa kubadili kigae kilichovunjika. Kumbe pasipo mtu huyo hekalu lile na jumba lile yasingalidumu.

Nimekusudia katika insha hii kuueleza upande huo uliosahauliwa. Nataka, msomaji, tuzitazame nyumba za Warumi, si katika siku zilipomalizwa kujengwa, bali katika miaka mingi iliyofuata: zilivyopasuka na kuzibwa, zilivyogawanywa na kuunganishwa, na zilivyowafaa watu ambao wajenzi wake hawakuwafikiria. Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Warumi waliujua ukweli huo vema. Baadhi yao waliufuata. Wengine waliupuuza, na waliolipa hasara mara nyingi si wao.

Kwanza yafaa kujua nyumba hizo zilivyokuwa. Nyumba ya Mrumi mwenye mali haikutazama njia, bali ilitazama ndani. Aliyeingia kwa mlango wa mbele alipita ukumbi mwembamba, kisha alitokea katika sebule kubwa iliyoitwa atrium. Katikati ya paa la sebule hiyo palikuwa na uwazi, na chini yake sakafuni palikuwa na kidimbwi kilichoitwa impluvium. Paa liliinamia ndani kwa pande zote, hata mvua iliponyesha maji yaliteremka juu ya vigae, yakaanguka kidimbwini, na kutoka huko yakaingia katika birika lililochimbwa chini ya sakafu. Vyumba vya kulala viliizunguka sebule, na nyuma yake mara nyingi palikuwa na bustani iliyozungukwa na nguzo.

Ukiitafakari nyumba hiyo utaona kwamba uzuri wake ndio uliokuwa udhaifu wake. Paa lililokusanya maji lilichukuliwa na boriti ndefu za mti. Kigae kimoja kikivunjika, maji yalipenya na kuiozesha boriti. Na boriti ikilegea, paa zima lilianza kuinama. Birika lilitaka kusafishwa tope. Lipu ya ukutani ilipasuka kwa joto la kiangazi na unyevu wa masika. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa kubwa ilikuwa na kazi kubwa, na mikono iliyofanya kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mikono ya watumwa.

Warumi hawakuuficha ukweli kwamba nyumba huzeeka. Vitruvius, mjuzi wa ujenzi aliyeandika vitabu kumi juu ya kazi hiyo katika karne ya kwanza K.K., anatueleza desturi moja ya ajabu. Majirani wawili walipokuwa na ukuta mmoja wa mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa, na ikatakiwa kujua thamani yake, waamuzi hawakuhesabu gharama ya kuujenga peke yake. Walipunguza 1/80 ya gharama hiyo kwa kila mwaka uliopita, maana walihukumu kwamba ukuta wa namna hiyo haudumu zaidi ya miaka 80. Ukuta uliogharimu fedha 800 ulipokuwa mpya, ulihesabiwa kuwa na thamani ya 400 baada ya miaka 40. Lakini ukuta wa matofali ya udongo, maadamu umesimama wima, haukupunguzwa kitu. Hapa tunajifunza jambo: ukuta wenye sura nzuri sio lazima uwe ndio ukuta wenye umri mrefu.

Vitruvius huyo huyo alichukia kuta za fito zilizokandikwa, zinazofanana na viambaza tunavyovijua sisi. Alisema kwamba ni za haraka na hazili nafasi, lakini zikishikwa na moto huwaka kama mienge, na fito zikilowa na kukauka huipasua lipu. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukataa tu. Alijua kwamba asiye na fedha atajenga kwa fito atake asitake. Akashauri kiambaza kiinuliwe juu ya msingi, kisiguse sakafu kikaoza. Huo ndio ushauri wa fundi wa kweli: huitazama nyumba kama itakavyokuwa baada ya mvua kumi, si kama ilivyo leo.

Pliny Mkubwa, aliyekufa katika msiba wa mlima Vesuvius mwaka 79 B.K., ameandika kwamba sheria za zamani za ujenzi zilimkataza mjenzi asitumie chokaa ambayo haijakaa miaka mitatu tangu kuzimuliwa. Chokaa iliyokaa ilifanya lipu isiyopasuka. Kisha anaongeza neno lenye uchungu: sababu kubwa ya majengo ya Roma kuanguka, asema, ni wizi wa chokaa. Mjenzi aliiba chokaa, mawe yakapangwa pasipo kitu cha kuyashika, na lipu ikaficha yote. Mwenye kuiba alikwisha ondoka na fedha zake. Aliyelala chini ya ukuta ndiye aliyebaki.

Hapana mji unaotuonyesha matengenezo ya nyumba za Warumi waziwazi kuliko Pompeii, ulioko kusini mwa Italia. Wengi wanaujua mji huo kwa sababu ya kifo chake, maana mwaka 79 B.K. Vesuvius ulilipuka, ukaufunika kwa majivu na vijiwe vyepesi. Wachache wanajua kwamba miaka 17 kabla ya hapo mji ulipatwa na msiba mwingine. Katika mwezi wa Februari mwaka 62 B.K. ardhi ilitetemeka kwa nguvu. Seneca, mwanafalsafa aliyeishi wakati ule, aliandika kwamba sehemu kubwa ya majengo iliharibika, na kundi la kondoo 600 likafa.

Katika nyumba ya Lucius Caecilius Iucundus, aliyefanya kazi ya minada na mikopo ya fedha, palipatikana mawe ya marumaru yaliyochongwa picha za tetemeko hilo. Hekalu la Jupiter limeinama upande, na lango la mji liko karibu kuanguka. Mawe hayo yaliwekwa mahali pa kuabudia miungu ya nyumbani. Katika nyumba hiyo hiyo, mwaka 1875, palipatikana vibao vya mbao zaidi ya 150 vyenye habari za biashara yake. Wengine huandika misiba yao kwa wino; mwenye nyumba hii aliiandika juu ya jiwe, ili kila aliyesali hapo akumbuke jinsi nyumba ya mwanadamu ilivyo dhaifu.

Basi watu wa Pompeii walifanya nini? Walitengeneza. Ukipita katika njia za mji huo leo utaona kuta zilizojengwa kwa namna mbili au tatu. Chini ni mawe makubwa ya zamani. Pembeni ni matofali ya kuchoma yaliyotiwa baadaye. Mlango mmoja umezibwa kwa mawe yaliyookotwa katika kifusi. Tao jingine limetiwa nguzo ya kulitegemeza. Mahali po pote jiwe linapobadilika, hapo pana habari. Mtu alisimama hapo, akautazama ufa, akahesabu fedha alizo nazo, akaamua.

Kazi hiyo ilikuwa haijesha mlima ulipolipuka. Wachunguzi wengi wanaona kwamba mitetemeko haikukoma mwaka 62, hata waliokwisha kutengeneza wakalazimika kutengeneza tena. Katika nyumba moja wachimbaji walikuta chumba ambamo wachoraji walikuwa kazini siku ile ile ya mwisho. Vyungu vya rangi vilikuwa pale na chokaa ilikuwa pale. Sehemu ya juu ya ukuta ilikwisha kupakwa rangi, na ya chini ilikuwa bado. Waliziacha kazi zao, wakakimbia. Tena katika uchimbaji ulioanza mwaka 2023, sehemu nyingine ya mji, palionekana nyumba iliyokuwa katika kujengwa upya: vigae vimepangwa, mawe yamekusanywa, chokaa imewekwa tayari, na ukutani zimeandikwa hesabu kwa makaa. Fundi aliyeziandika hatujui jina lake, lakini tunajua kwamba alihesabu vifaa vyake kama fundi mwangalifu wa siku zo zote.

Sasa nataka tutofautishe mambo mawili ambayo hutokea pamoja lakini si mamoja. La kwanza ni kuitunza nyumba ibaki kama ilivyokuwa. La pili ni kuibadili ifae kwa haja mpya. Warumi walifanya yote mawili, na Pompeii ina mifano ya yote mawili.

Mfano wa kwanza ni ile iitwayo leo Nyumba ya Faun, mojawapo ya nyumba kubwa kabisa za mji huo, yenye karibu mita za mraba 3,000. Ilijengwa katika karne ya pili K.K., na kuta zake zilipambwa kwa lipu iliyofanywa ifanane na mawe ya thamani. Mtindo huo ulipitwa na wakati. Matajiri wengine wakachora kutani mwao bustani, nguzo na picha za hadithi. Lakini wenye Nyumba ya Faun hawakubomoa. Waliitunza lipu ile ya zamani, kizazi baada ya kizazi, hata karibu miaka 200, mpaka majivu yalipoifunika. Kwao ukongwe wa nyumba ulikuwa heshima. Kama vile ukoo mkubwa hauoni haya kuonyesha kiti cha babu, wao hawakuona haya kuonyesha ukuta wa babu.

Mfano wa pili ni karakana ya dobi aitwaye Stephanus. Hapo zamani palikuwa nyumba ya kawaida yenye sebule na kidimbwi cha mvua. Mwenye kuibadili aliona kwamba dobi anahitaji maji, na kidimbwi kipo. Akakiinua kingo zake kikawa chombo cha kufulia. Nyuma akajenga vidimbwi vingine vya kusuuzia nguo. Mahali pa heshima, ambapo mwenye nyumba alipokea wageni wake, pakawa mahali pa kazi. Je, nyumba ilidhalilika? Mtu mwenye kiburi atasema ndiyo. Mimi nasema ilipata maisha mapya, maana nyumba isiyomfaa mtu haina wa kuipigia paa lake kigae.

Wengine waligawanya nyumba zao ili wapate kodi. Mji wa Herculaneum, uliofunikwa siku zile zile na Pompeii, una nyumba iitwayo Nyumba ya Wasamniti, ambayo orofa yake ya juu ilitengwa ikapewa ngazi yake ya kutokea njiani, ili akae mtu mwingine. Na katika Pompeii yalisalia matangazo yaliyoandikwa ukutani. Moja lilikuwa la Gnaeus Alleius Nigidius Maius, mtu mashuhuri wa mji, akitangaza maduka na vyumba vya juu vya kupangisha kuanzia tarehe 1 Julai. Atakaye na amwone mtumwa wake, Primus. Jingine lilikuwa la mwanamke aitwaye Julia Felix, aliyetangaza hamamu nzuri, maduka na vyumba katika eneo lake kwa muda wa miaka mitano. Hivi ndivyo nyumba ya ukoo mmoja ilivyogeuka kuwa riziki ya watu wengi.

Kuna pia nyumba ya watu wawili wa jina la Vettius, ambao inaaminiwa kwamba walikuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika. Baada ya tetemeko waliipamba nyumba yao upya kwa picha ambazo hata leo watu husafiri kutoka mbali kuzitazama. Kwa hiyo usidhani kwamba baada ya msiba kila kitu kilikuwa kushuka. Ukuta ulioanguka wa tajiri wa zamani ulikuwa nafasi ya tajiri mpya.

Mpaka hapa nimesema juu ya wenye nyumba. Lakini katika jiji la Roma watu walio wengi hawakuwa na nyumba. Walipanga vyumba katika majengo marefu yaliyoitwa insula. Hapo ndipo habari ya matengenezo inapokuwa habari ya uhai na kifo, maana anayelala chini ya paa si mwenye paa, na mwenye paa halali hapo.

Sikiliza habari ya Cicero, msemaji mkuu wa Roma, mtu mwenye elimu na maneno mazuri juu ya wema. Katika mwaka 44 K.K. alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba maduka yake mawili yameanguka, na mengine yanapasuka, hata si wapangaji tu waliohama, bali na panya. Aliyaandika hayo kwa mzaha. Wengine, alisema, wangaliuita mkasa huo balaa. Yeye hakuuita hata usumbufu, kwa sababu amekwisha pata shauri la kujenga upya kwa njia itakayomletea faida. Soma tena maneno hayo, msomaji. Mwenye elimu ameeleza ya panya na ya faida. Ya waliokuwa wakikaa humo, na walikokwenda, hakueleza.

Miaka mia na zaidi baadaye mshairi Juvenal aliwacheka wenye nyumba wa Roma kwa namna iliyo chungu zaidi. Alieleza kwamba mji unasimama juu ya miti myembamba ya kutegemezea. Msimamizi wa nyumba huja akaufunika ufa wa zamani, kisha akawaambia wapangaji walale salama, na huku jengo linataka kuwaangukia. Huko hakukuwa kuziba ufa, bali kuuficha. Mwenye kuuziba huiponya nyumba. Mwenye kuuficha huyaponya macho yake mwenyewe.

Walikuwapo waliopata utajiri kwa udhaifu huo. Marcus Crassus, aliyekufa mwaka 53 K.K., alikuwa na watumwa zaidi ya 500 waliojua ujenzi. Nyumba iliposhika moto, yeye alikwenda kuinunua pamoja na zile zilizokuwa karibu nayo, na wenyewe kwa hofu walimuuzia kwa bei ndogo. Kwa njia hiyo, kama anavyosimulia mwandishi Plutarch, sehemu kubwa ya Roma iliangukia mikononi mwake. Ujuzi wa kutengeneza ni kitu chema, lakini mikononi mwa mwenye tamaa waweza kuwa mtego.

Serikali haikunyamaza. Mwenye nyumba aliyeona nyumba ya jirani inataka kuanguka aliweza kwenda kwa hakimu akadai ahadi ya kulipwa hasara itakapotokea. Na jirani akikataa, mlalamikaji aliweza kuruhusiwa kuingia katika mali ile. Kaisari Augustus alikataza majengo mapya ya kando ya njia za watu wote yasizidi futi 70 za Kirumi, yaani kama mita 21. Katika zama za Kaisari Claudius, aliyetawala tangu mwaka 41 mpaka 54 B.K., Baraza la Seneti lilikataza watu kununua nyumba ili kuzibomoa na kuuza vifaa vyake kwa faida. Sheria hiyo yastahili kukumbukwa, maana ilisema kwamba nyumba si rundo la mawe ya mwenyewe tu. Nyumba ni sehemu ya mji.

Tena ulipotokea moto mkubwa wa mwaka 64 B.K., katika mitaa 14 ya Roma ni 4 tu iliyosalimika. 3 iliteketea kabisa, na 7 ikabaki na magofu. Kaisari Nero aliamuru njia ziwe pana, urefu wa majengo upunguzwe, kila jengo liwe na kuta zake lenyewe, na sehemu fulani zijengwe pasipo boriti, kwa mawe yasiyoshika moto. Mwandishi wa tarehe Tacitus anakiri kwamba amri hizo zilifaa. Lakini anasema kwamba walikuwapo walionung'unika kuwa njia nyembamba za zamani zilikuwa na kivuli, na hizi mpya zinaunguza. Hata jambo jema lina hasara yake, na mwanafunzi wa historia hana budi kuzisikiliza pande zote mbili.

Huenda ukauliza: dola ya Roma ilipoanguka katika nchi za magharibi, nyumba zilikwendaje? Nyingi ziliachwa, na nyumba iliyoachwa haiishi. Lakini nyingine zilipona kwa njia ambayo wajenzi wake hawakuiota: zilikubali kubadilika. Juu ya kilima cha Caelian katika Roma palikuwa na jengo la vyumba vya kupanga na maduka kando ya njia. Katika karne ya tatu mtu mmoja aliyaunganisha, akafanya nyumba moja ya kitajiri yenye picha kutani. Baadaye Wakristo walijenga juu yake kanisa la Watakatifu Yohana na Paulo. Leo chini ya sakafu ya kanisa hilo utaweza kuteremka ngazi na kuingia vyumbani, ukaona dari, picha na kuta zimesimama. Kanisa lililokalia nyumba hiyo ndilo lililoihifadhi.

Kiko kisa kingine katika mji wa Split, katika nchi ya Kroatia. Kaisari Diocletian alijijengea hapo jumba kubwa lenye kuta kama ngome, akahamia humo alipojiuzulu mwaka 305 B.K. Yeye alipokufa, na dola ilipodhoofika, jumba lilibaki. Katika karne ya saba watu wa mji wa jirani, Salona, waliokimbia vita, waliingia ndani ya kuta zile wakajipatia makao. Walijenga vyumba katikati ya nguzo, wakaziba matao, wakafanya baraza za kaisari kuwa njia za mji. Kaburi la kaisari likageuzwa kuwa kanisa kuu. Watu hawajatoka humo tangu siku ile. Hata leo wamo, wanapika, wanaanua nguo, wanatengeneza mapaa. Majumba mengi ya makaisari waliopita ni magofu yaliyo wazi kwa mvua. Jumba hili linaishi, kwa sababu maskini waliingia wakalitumia.

Yabaki jambo la mwisho, nalo ni la karibu nasi zaidi. Pompeii ilianza kuchimbwa mwaka 1748, na Herculaneum miaka kumi kabla yake. Kuta zilizolindwa na majivu kwa karne nyingi zilitolewa katika jua na mvua, na tangu siku hiyo zikaanza kuzeeka tena. Mabomu ya vita ya mwaka 1943 yaliharibu sehemu ya Pompeii. Jengo moja lililobomolewa wakati huo, lililokuwa mahali pa mkutano wa chama cha vijana wenye silaha, lilijengwa upya na kutiwa paa zito la saruji. Tarehe 6 Novemba 2010, baada ya mvua nyingi, jengo hilo lilianguka lote. Hapakuwa na mlima uliolipuka siku hiyo, wala tetemeko. Palikuwa na maji tu, na matengenezo yaliyokuwa mazito kuliko kuta zilizotengenezwa. Baada ya aibu hiyo Italia na Umoja wa Ulaya zilitenga Euro milioni 105 kwa kuuponya mji. Fikiri ni vigae vingapi na mifereji mingapi ingaliweza kutunzwa mapema kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Katika Herculaneum mafundi walifanya jambo la busara. Kazi ya hifadhi ilipoanza humo mwaka 2001, adui wao mkubwa alikuwa maji ya mvua yasiyokuwa na njia ya kutokea. Badala ya kuanza na picha nzuri za kutani, walitazama juu na chini: mapaa na mifereji. Walisafisha mifereji ya chini ya ardhi waliyoichimba Warumi wenyewe, wakaipitishia maji kama zamani. Kazi ya fundi wa kale, aliyelala kaburini tangu miaka 1,900 na zaidi, ikafaa tena.

Sasa, msomaji, umepata ufunguo mmoja wa kuisoma historia. Ukisimama mbele ya jengo la kale, popote litakapokuwa, usiulize tu lilijengwa na nani. Tafuta mahali jiwe linapobadilika rangi, mlango unapozibwa, lipu inapokutana na lipu nyingine. Uliza: ni nini kilichovunjika hapa? Nani alilipa gharama ya kukitengeneza, na nani alikaa chini yake kabla hakijatengenezwa? Majina ya wajenzi yamechongwa juu ya milango, na mtu ye yote aweza kuyasoma. Kiraka hakina jina. Lakini bila kiraka, mlango wenye jina ungalikwisha kuanguka.